Likizo ya Juni: nataka kwenda Mafia kuvua na boti yangu ya futi 19, nibebe mafuta kiasi gani?

Mzee wa Ndoana
Habari za jioni wakuu. Niende kwenye mada moja kwa moja. Nina boti yangu ndogo ya faiba, futi 19, mashine ni HP 40, zile za kuchanganya oili. Nimepata likizo ya wiki mbili kuanzia tarehe 20 mwezi huu na nimepania kwenda Mafia kuvua. Natokea Kunduchi. Si biashara, ni kupumzisha kichwa tu: mshipi, sufuria ya wali, hema ufukweni, basi.

Naombeni kujua nibebe madumu mangapi ya mafuta, chambo cha nguru kizuri ni ngisi au dagaa, na je, makasia mawili yanatosha au niongeze? Majibu ya kitaalamu tafadhali, utani tuuweke pembeni kidogo.

pweza_kavu
Pale soko la Feri nguru kalala mezani anakusubiri wewe tu. Unapanda daladala, unamnunua, unapiga naye picha umevaa kofia, unarudi nyumbani ugali haujapoa. Mafuta ya safari: nauli.

Mtoto wa Ukerewe
Mkuu umenikumbusha mbali sana. Marehemu baba alikuwa na mtumbwi wa mbao, mashine HP 15, tunatoka usiku na karabai kufuata dagaa. Kuna siku nikiwa darasa la sita tulinasa sangara ambaye mzee alimkalia ili asirudi majini. Alimkalia kweli, kama kigoda, mpaka tunafika mwaloni. Mama akauliza mbona suruali imelowa nyuma tu, mzee akasema mvua. Hiyo siku hapakuwa na wingu.

Ila hilo ni ziwa. Bahari siijui. Kila la heri.

Bi Kirembo
Watu wanahangaika na ada, mwingine anaenda kulala ufukweni na mbu kwa hiari yake. Haya, hela ni zako.

FundiMashine
Nijibu lililoulizwa. HP 40 ya kuchanganya, ukiikanyaga mpaka mwisho inakunywa lita 16 mpaka 18 kwa saa. Kunduchi mpaka Kilindoni si chini ya maili 75 za baharini. Bahari ikiwa shwari na ukitembea maili 15 kwa saa, ni saa tano, yaani lita 80 hadi 90. Kwenda tu. Kanuni ni theluthi ya kwenda, theluthi ya kurudi, theluthi ya tatu huigusi. Hapo ni madumu 13 ya lita 20, kama kilo 200 za petroli ndani ya futi 19, wewe hujapanda bado. Oili ni mililita 400 kwa kila dumu la lita 20, usipime kwa macho.

Sasa na mimi nina swali. Kwa nini unauliza idadi ya makasia? Mwenye mashine nzima huuliza plagi, haulizi makasia.

Mzee wa Ndoana
Fundi asante sana, umenifungua. Kilindoni kuna mafuta, nitajaza pale, kwa hiyo madumu 7 yananitosha. Makasia ni tahadhari tu mkuu, kama mtu anavyobeba mwavuli.

Karani wa Pwani
Kabla ya madumu kuna makaratasi. Chombo kiwe kimekaguliwa na kusajiliwa TASAC, wale wakala wa meli, na leseni ya uvuvi uwe nayo. Halafu Mafia si pori. Ile hifadhi ya bahari ipo tangu 1995, ndiyo ya kwanza nchini, na ndani yake huvui bila kibali. Kuna sehemu huvui kabisa hata kwa mshipi wa mtoto. Hata hapo mlangoni kwako, Mbudya na Bongoyo ni maeneo tengefu, usijidanganye kutupa ndoana.

Njia ya mtu mwenye akili: gari mpaka Nyamisati, panda boti ya abiria mpaka Kilindoni, mtafute mvuvi wa huko mwenye chombo chake. Atakupeleka penye samaki na atakurudisha.

Mzee wa Ndoana
Karani nimekuelewa, ila lengo zima ni kwenda na boti YANGU. Kupanda ya mtu hata jana ningepanda.

Nahodha Mstaafu
Mwanangu, nimesoma kimya mpaka hapa. Nimeendesha majahazi na baadaye boti za mashine njia hiyo miaka mingi, kwa hiyo nivumilie.

Juni upepo wa kusi umeshashika. Unatoka kusini mashariki, na wewe unaelekea kusini. Mkondo nao kwenye pwani yetu unakwenda kaskazini mwaka mzima, na wakati wa kusi ndio unaongeza nguvu. Maana yake safari ya kwenda unapigwa usoni na vyote viwili, kurudi unasukumwa. Fundi kakupa hesabu ya bahari shwari. Zile maili 15 kwa saa zisahau, ukipata 8 shukuru, na mafuta yanakwenda yaleyale kwa saa.

Mpaka Ras Kimbiji utajiona hodari. Ukishapita pale bahari inafunguka, wimbi linatoka mbali, boti fupi inapanda na kutua kwa kishindo mpaka meno yanagongana. Una visiwa vya Kwale na Koma vya kujificha kama unayajua maji yake. Usipoyajua, bamvua, yale maji makubwa ya kujaa na kupwa, itakuacha juu ya fungu la mchanga. Maji ya bamvua hapa kwetu hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, ulipopita asubuhi na kina cha mtu mzima, jioni watu wanaokota chaza. Ukifika usawa wa mdomo wa Rufiji maji ni ya tope, huoni chini, na mafungu yanahama.

Sasa nijibu mawili. Ndani ya chombo mko wangapi? Na hiyo mashine imeshawahi kukuzimikia?

Mzee wa Ndoana
Shikamoo mzee. Tuko watatu. Mimi na madogo wawili, mmoja miaka 12 na mwingine 9.

Mashine haijawahi kuharibika. Huwa inazima tu. Ikishatembea kama dakika 40 inapungua nguvu, inakohoa, inazima. Ukiiacha ipumzike dakika 10 inawaka vizuri kabisa. Jumapili iliyopita ilizima upande wa nyuma wa Mbudya na siku hiyo ikagoma, tukavutwa na ngalawa mpaka Kunduchi. Ndiyo nikawaza makasia.

Lakini naomba nieleweke. Hema nimeshanunua. Likizo imesainiwa. Madogo wameshawatangazia watoto wa mtaa mzima kuwa wanaenda kuona papa potwe. Dogo mkubwa ndiye aliyeshika kamba tulipokuwa tunavutwa, viganja vikachubuka na hakulia. Siwezi kumwambia haendi.

Bi Kirembo
Nafuta nilichosema kuhusu hela zako. Wewe una matatizo makubwa kuliko hela. Watoto!

pweza_kavu
"Haijawahi kuharibika, huwa inazima tu." Hii naichapisha kwenye fulana.

Chumvi ya Bahari
Salamu kutoka Kilifi. Ndugu yangu, papa potwe kule Mafia watu huwaona kuanzia Oktoba hadi Machi. Juni utawaonyesha hao watoto povu. Hata huku kwetu Watamu na Malindi boti nyingi za kuvulia sulisuli hupumzishwa kusi likikaza, na hizo zina mashine mbili na manahodha waliozaliwa humo humo. Ngoja maleleji, Oktoba au Novemba, bahari inakuwa kama sinia.

Kuhusu chambo maana hakuna aliyekujibu: nguru anapenda kinachokimbia. Rambaza nyuma ya boti na samaki mdogo mzima, na karibu na ndoana weka kipande cha waya, la sivyo meno yake yatakata mshipi na utarudi na hadithi. Ngisi mwekee changu na chewa, chini na chubwi, ile risasi ya kuzamisha mshipi.

Kabwela Halisi
Wakuu mnamwaga elimu bure, hii ni CHAI, stori ya kutunga. Tena ya rangi, haina hata tangawizi.

Kwanza, ngalawa ya tanga inavutaje boti ya faiba yenye watu watatu mpaka Kunduchi na kusi lote hili? Pili, nimepekua nyuzi zake. Mwaka jana mwezi wa 9 huyuhuyu alileta uzi wa kutafuta mchumba, akaandika kwa mkono wake "sina mtoto hata wa kusingiziwa". Leo ana wa miaka 12? Amewazaa kwa oda? Weka picha ya boti ama tufunge uzi.

pweza_kavu
Nasogeza kiti. Mwenye karanga apitishe.

Mtoto wa Ukerewe
Kwani na mimi ile ya sangara mnaihesabu chai? Maana naona mtu kaweka kicheko.

Nahodha Mstaafu
La ngalawa namtetea. Kunduchi iko magharibi ya Mbudya, kusi linatoka kusini mashariki. Ngalawa inapata upepo wa nyuma kwa ubavu, itavuta boti na shemeji zake wote. Aliyetunga angesema amevutwa na boti ya mashine, ndiyo hadithi rahisi. Kuhusu watoto simo.

Mzee wa Ndoana
Kabwela nilidhani hapa tunasaidiana, kumbe kuna idara ya upelelezi. Picha siweki, namba ya boti inaonekana.

Sijawahi kuandika "watoto wangu", rudini juu msome. Nimeandika madogo. Ni wapwa zangu, watoto wa dada yangu wa Dodoma. Wamekuja kwangu likizo.

Bi Kirembo
Na dada yako anajua wanaenda Mafia kwa boti?

Mzee wa Ndoana
Anajua wako kwa mjomba wao.

Bi Kirembo
Na Jumapili anaijua?

Mzee wa Ndoana
Tulikubaliana na madogo iwe siri ya wanaume.

Kabwela Halisi
Naomba radhi, si chai. Chai huwa na mwisho mzuri.

Karani wa Pwani
Nitaje jambo moja halafu ninyamaze. Skagit ilizama Julai 18, 2012 karibu na Chumbe, kusi hilihili. Ile ilikuwa meli ya abiria, si futi 19. Jaketi za kujiokolea za saizi ya watoto unazo? Za watu wazima zinawavuka kichwani wakiwa majini, wanabaki wao chini na jaketi juu.

FundiMashine
Turudi kwenye mashine, huko kwingine mtaelewana wenyewe.

Inayozima ikishatembea na kuwaka ikipumzika, naanza na vitu viwili. Kwanza angalia kama inakojoa, kile kitundu cha pembeni kinachotoa maji. Kikitoa kinyonge au maji ya moto sana, pampu ya maji imekwisha, mashine inapata joto. Pili, na hapa ndipo naweka hela yangu: kifuniko cha tangi lako la mafuta kina kiskrubu kidogo juu, cha kuingiza hewa. Wengi hukikaza wakati wa kusafirisha na hawakilegezi tena. Mafuta yananyonywa, hewa haiingii, tangi linajibana, mashine inakosa mafuta. Ukisubiri dakika 10 hewa inapenya taratibu, inawaka, unasema imepona. Ikizima tena shika ile pampu ya mpira yenye umbo la yai kwenye bomba la mafuta. Ikiwa imenywea, jibu umelipata.

Mzee wa Ndoana
Wakuu, natoka ufukweni sasa hivi, sijaoga bado. Kiskrubu kilikuwa kimekazwa mpaka nikatumia koleo. Kulegeza tu, tangi likavuta hewa "fyuuu" kama mtu aliyetoka kupiga mbizi. Yai lilikuwa bapa, nimeliona kwa macho yangu, likajaa lenyewe taratibu. Nimekwenda na kurudi upande wa ndani wa Mbudya saa nzima na dakika 10. Haijakohoa hata mara moja. Fundi Mungu akubariki, aliyeniuzia aliniambia ni uzee wa mashine na akanipunguzia laki 3.

Kwa hiyo tatizo limeisha. Tarehe 20 iko palepale.

Nahodha Mstaafu
Kilichoisha ni tatizo la mashine.

Mzee wa Ndoana
Mzee naona unanibana. Basi tuseme si Mafia. Tuseme Kwale, tunalala siku 3, tunarudi.

Nahodha Mstaafu
Kwale nayo iko kusini, mwanangu. Ras Kimbiji haikuhama. Ukitaka kuwavulisha watoto, toka saa 12 asubuhi upepo haujaamka, tafuta mwamba nje ya maeneo tengefu usiopoteza nchi kavu machoni, saa 4 uwe umerudi, wali mkapikie nyumbani. Chukua mvuvi mmoja wa Kunduchi akae na wewe, umlipe siku yake. Kamba ya kuzimia mashine ifunge mkononi, ukianguka na boti izime. Na usome utabiri wa bahari wa TMA, wale wa hali ya hewa, si wa mvua.

Mzee wa Ndoana
Siku moja moja, kulala nyumbani. Na hema?

pweza_kavu
Lisimike sebuleni. Dogo wa miaka 9 hatagundua.

Chumvi ya Bahari
Hema halina tarehe ya kuharibika. Novemba njoo nalo.

Mzee wa Ndoana
Shule Novemba wanakuwa na mitihani. Lakini sawa, nawaza. Sijasema ndiyo.

Bi Kirembo
Umempigia dada yako?

Bi Kirembo
Mleta uzi naona taa ya kijani, upo. Umempigia?

Mzee wa Ndoana
Nimempigia, hajapokea. Nimemwachia ujumbe kuwa tunaenda kuvua.

Bi Kirembo
Umemwandikia wapi?

Mzee wa Ndoana
Nimeandika "kuvua" tu.

Bi Kirembo
Mwandikie wapi.