Je, Rousseau alitaka mtoto aachwe ajilee mwenyewe?

Mwanachuo wa Ualimu

Ndugu zangu, salaam. Mkufunzi wetu alitueleza kwamba mbinu shirikishi, yaani ufundishaji unaomfanya mwanafunzi ashiriki mwenyewe, zina mizizi katika *Émile*, kitabu cha malezi alichokitoa mwanafalsafa Jean-Jacques Rousseau mwaka 1762. Nilipokisoma nilishangaa kuona kwamba mtoto hapewi vitabu hadi akaribie miaka 12, na mwandishi anayaita malezi hayo elimu hasi. Je, huko si kumtelekeza? Tena Émile, mtoto anayesimuliwa kitabuni, ana mlezi wake peke yake. Fikra hizo ziliingiaje katika shule zenye watoto wengi?

Mwalimu Mstaafu

Elimu hasi haimaanishi mwalimu akae bure. Rousseau aliamini kwamba mtoto huzaliwa mwema, kwa hiyo kazi ya kwanza ya mlezi ni kuukinga moyo wake na uovu na akili yake na makosa, kabla ya kumhubiria mambo asiyoweza bado kuyapima. Kisome tena kisa cha msitu wa Montmorency. Émile anauliza kuna faida gani kujua jua lilipo. Mlezi habishani naye, bali kesho yake asubuhi wanatoka matembezini, wanapotea, na mtoto analia kwa njaa na kiu. Hapo mlezi anamwongoza kwa maswali: msitu uko kaskazini ya mji wa Montmorency, na huko Ufaransa kivuli cha saa sita mchana huelekea kaskazini. Mtoto mwenyewe anatambua kwamba mji uko kusini, na wanafika. Maandalizi ya namna hiyo ni mazito kuliko kunakilisha maelezo ubaoni, na hunisikitisha kuona mbinu shirikishi zikifanywa kisingizio cha kuingia darasani bila andalio la somo.

Msomaji wa Historia

Kuhusu shule, daraja lilikuwa mwalimu Johann Heinrich Pestalozzi wa Uswisi, aliyempenda Rousseau kiasi cha kumpa mwanawe jina lake. Katika shule yake ya Yverdon, iliyodumu kuanzia 1805 hadi 1825, watoto walianza kwa kutazama na kushika vitu halisi, kisha ndipo wakafundishwa maneno na kanuni. Mwalimu Mjerumani, Friedrich Fröbel, alikaa huko miaka miwili, na mwaka 1837 akaanzisha Ujerumani taasisi ya michezo ya watoto wadogo, ambayo ndiyo asili ya chekechea za leo.

Binti Msomi

Nakubaliana nanyi, lakini tusimpokee Rousseau mzima mzima. Katika sehemu ya tano ya kitabu hichohicho, Sophie, mchumba wa Émile, analelewa ili ampendeze mume na kumtii, kana kwamba uhuru wote uliosifiwa katika sehemu nne zilizotangulia haumhusu. Mwandishi Mwingereza, Mary Wollstonecraft, alimjibu mwaka 1792 kwa hoja ambazo bado zina nguvu: akili ni moja kwa mwanamume na mwanamke, na anayenyimwa nafasi ya kuitumia hawezi kuwa mwema kwa hiari yake. Alipendekeza shule za kutwa zinazosimamiwa na serikali, wavulana na wasichana wakisoma pamoja, na kwa watoto wa miaka 5 hadi 9 ziwe bila ada, kwa tajiri na maskini.