Kufuli la SQLite na kihariri cha heksadesimali

Swali
Ndugu wataalamu, nina hifadhidata ya SQLite (hifadhidata inayokaa katika faili moja lililogawanywa kurasa za ukubwa sawa) ambayo amri ya ukaguzi, PRAGMA integrity_check, inalalamikia ukurasa wake wa 212, nami nataka kusahihisha baiti mbili humo kwa kihariri cha heksadesimali, yaani programu ya kubadilisha baiti za faili moja kwa moja. Ili programu nyingine isiandike wakati huo, nilitoa amri ya BEGIN EXCLUSIVE, inayoweka kufuli kwenye hifadhidata, katika dirisha moja, kisha nikafungua faili lile lile kwa kihariri katika dirisha la pili. Kihariri kilihifadhi mabadiliko bila kikwazo, ilhali dirisha la kwanza liliendelea kusoma data ya zamani. Je, kuna namna ya kukiunganisha na hifadhidata ili kiheshimu kufuli hilo?

Jibu la kwanza
Hakuna, ndugu. Katika Linux na jamaa zake, kufuli la SQLite ni la makubaliano: humzuia yule tu anayeuliza kwanza kama faili limefungwa, na kihariri chako hakiulizi. Tena kufuli lenyewe haliwekwi juu ya data, bali kwenye baiti zinazoanzia nafasi ya 1,073,741,824, mahali ambapo SQLite haihifadhi kitu. Kuhusu data ya zamani, muunganisho wa dirisha la kwanza ulikuwa na nakala ya ukurasa katika kumbukumbu yake. Miunganisho hutambua kwamba nakala zake zimepitwa na wakati kwa kutazama kihesabu cha mabadiliko kilichoko kwenye baiti ya 24 hadi ya 27, nacho hukukigusa.

Jibu la pili
Naongezea suala la WAL, hali ambayo mabadiliko huandikwa kwanza katika faili la pembeni kabla ya kuingizwa kwenye faili kuu. Hifadhidata ikiwa katika hali hiyo, toleo jipya la ukurasa wa 212 huenda liko katika faili lenye mkia wa -wal, kwa hiyo utakachoandika kwenye faili kuu hakitasomwa, na baadaye kitafunikwa. Zima programu zote zinazotumia hifadhidata, toa PRAGMA wal_checkpoint(TRUNCATE) ili yaliyomo katika -wal yaingie kwenye faili kuu, kisha PRAGMA journal_mode=DELETE ili kuacha hali ya WAL, utoke, unakili faili, uhariri nakala hiyo na kuikagua upya kabla ya kuirudisha mahali pake. Upekee unaoutafuta unapatikana hapo, si kwenye kufuli. Kumbuka pia kwamba kurasa huhesabiwa kuanzia 1: zikiwa za baiti 4096, ukurasa wa 212 unaanzia 211 × 4096, yaani 864,256. Wengi huharibu ukurasa jirani kwa kusahau hilo.

Jibu la tatu
Kabla ya yote hayo, je, unakihitaji kihariri kweli? Ikiwa ujumbe wa integrity_check umetaja namba ya mti (muundo ambao ndani yake SQLite huhifadhi kila jedwali au faharasa), itafute katika safu ya rootpage ya sqlite_master, orodha ya ndani ya majedwali na faharasa za hifadhidata. Ikiwa ni faharasa (index, orodha ya kuharakisha utafutaji), hakuna kilichopotea, kwa kuwa hujengwa upya kutokana na jedwali lake. Ikiwa ni jedwali, amri ya .recover ya programu ya sqlite3 hukusanya kinachosomeka ili kiingizwe katika faili jipya. Baiti mbili zilizokisiwa zinaweza kupita ukaguzi na bado zikawa data ya uongo.

Muulizaji
Nashukuru. Nimetazama rootpage: ni faharasa. Nitaijenga upya kwenye nakala, programu zote zikiwa zimezimwa.