Mtoto mkubwa hujifunza nini anapokaa na mdogo wake?

Mama wa Wawili, Morogoro

Habari za jioni, wazazi wenzangu. Kifungua mimba wangu ni mvulana wa miaka 7, na mdogo wake wa kike ana miezi 16. Tangu likizo ianze, kila jioni ninapopika humwomba kaka mtu amchezeshe mdogo wake mkekani, nami nikiwasikia kutoka jikoni. Juzi wifi yangu alisema kwamba ninamgeuza mtoto wa kiume kuwa yaya. Maneno yale yamenikaa moyoni, kwa sababu mimi ninamwona mwanangu amebadilika: zamani alikuwa akimnyang'anya mdogo wake kitu papo hapo, lakini siku hizi hutafuta kwanza kitu kingine cha kumpa, akambadilishia polepole, ndipo akachukua chake. Je, hasa anajifunza nini, na mpaka uwekwe wapi?

Mwalimu wa Awali

Dada, hicho kitendo cha kubadilishana ulichokieleza ndicho ambacho ningekitazama kwa makini zaidi. Ili mwanao ambadilishie mdogo wake kitu, ni lazima kwanza awaze ni kipi kitakachompendeza mtu ambaye hapendi anavyovipenda yeye na ambaye bado hawezi kusema anachotaka. Mwenzake wa darasani humwambia waziwazi, na wewe mama yake humwelewa hata kabla hajamaliza sentensi. Mdogo wake peke yake ndiye anayemlazimu kusoma uso, mkono na kilio.

Msikilize pia anavyosema naye. Mwaka 1973, watafiti wawili wa Marekani, Marilyn Shatz na Rochel Gelman, walionyesha kwamba watoto wa miaka 4 walifupisha na kurahisisha sentensi zao walipozungumza na watoto wa miaka 2, jambo ambalo hawakulifanya walipozungumza na watu wazima. Uwezo huo mtoto anao tayari, ila nyumbani kwako anapata nafasi ya kuutumia kila siku.

Baba wa Kisii

Kuhusu hofu ya wifi yako, liko jambo lililochunguzwa huku kwetu magharibi mwa Kenya. Carol Ember, mwanaanthropolojia, aliwafuatilia wavulana wa jamii ya Waluo ambao, kwa kuwa nyumba zao hazikuwa na dada wa umri wa kufaa, walipewa kazi zilizohesabiwa kuwa za wasichana, kulea watoto wachanga ikiwa mojawapo. Katika matokeo aliyoyachapisha mwaka 1973, wavulana waliofanya kazi hizo kwa wingi ndani ya nyumba hawakuwa wagomvi kama wenzao. Sioni hasara hapo.

Mpaka, hata hivyo, upo. Mimi nilibeba wadogo zangu mgongoni tangu nikiwa na miaka 6, na siku za kuvuna nilikosa shule kwa ajili yao. Siku hizo sikujifunza upole. Nilijifunza kumfinya mtoto ili alie na mama arudi upesi kutoka shambani. Nakuomba usimwachie jiko, maji wala mlango wa nje, na akichoka apokelewe bila kulaumiwa.

Bibi wa Tanga

Mwanangu, naongeza moja tu. Chunga ile kauli tuliyoizoea sote, "mwachie, yeye ni mdogo". Mkubwa akiambiwa hivyo kila mara, ataona kwamba haki hutolewa kwa kilio, naye ataanza kulia. Siku nyingine mdogo naye azuiliwe, na mkubwa ashuhudie akizuiliwa.

Mama wa Wawili, Morogoro

Shikamoo bibi, na asanteni nyote. Leo nilimuuliza mwanangu anajuaje kwamba mdogo wake ana usingizi. Akanijibu kwamba huvuta sikio lake la kushoto kabla hajaanza kulia. Nimemlea binti huyu miezi 16, na sikuwa nimeliona hilo. Kuanzia kesho ataenda kucheza na wenzake kwanza, kisha nitamwomba nusu saa tu, akitaka mwenyewe.