MREJESHO: Vitufe vya mkato kwenye Dota 2 (mchezo wa kompyuta wa mapambano ya timu)

Wakuu, mimi ndiye niliyeuliza namna ya kuacha kubofya uwezo wa shujaa kwa mausi, maana nilikuwa nauawa kabla sijarusha chochote. Asanteni sana. Nilianza na Q, W, E na R tu, vitufe vya kurusha uwezo, shujaa mmoja, dhidi ya roboti (wapinzani wanaoendeshwa na kompyuta). Sasa vidole vinakwenda vyenyewe. Kilichosaidia kuliko vyote ni kuwasha urushaji wa haraka kwenye mipangilio: ukigusa kitufe, uwezo unatoka palepale kishale kilipo. Kugonga F1 mara mbili kunarudisha kamera kwa shujaa wangu, safi pia. Vifaa anavyobeba shujaa, vinavyotumika kwa Z, X na C, bado vinanishinda kwenye vurugu ya mapigano. Kimoja nimekihamishia kitufe cha pembeni cha mausi, angalau. Makundi ya Ctrl na namba (kupanga wahusika unaowaongoza ili uwachague kwa namba) nimeyaacha kwanza.