Nimepigwa Kariakoo: eti dhahabu ni "themanini kwenda juu"!

Wakuu, salaam. Leo naandika nikiwa na hasira, kwa hiyo mwenye kauli za "pole mkuu, ndo mjini hapa" akae nazo kwanza.

Mwezi wa tatu nilinunua detekta Kariakoo, ile mashine inayolia ikipita juu ya kitu cha madini kilichofukiwa. Si yale madude ya wachimbaji wa Chunya na Geita. Hii ni ya kujifurahisha tu, ya kupita nayo ufukweni Jumapili alfajiri kabla jua la Dar halijaanza kuchoma. Laki nane na nusu, taslimu mkononi. Jamaa wa dukani akaiwasha palepale, akapitisha bangili yake ya shaba, ikalia tiii, kioo kikaandika 84, namba ya kukisia ni kitu gani imekiona. Akaniambia maneno ambayo mpaka leo nimeyakariri kama dua: "Kaka, dhahabu ni mali, iko namba za juu. Themanini kwenda mbele chimba. Chini ya hapo takataka, zifunge zote usijichoshe bure." Akazifunga yeye mwenyewe, namba zote za chini kimya. Nikamshukuru! Nikampa na hela ya soda.

Wiki sita nimezunguka Coco Beach watu wananiangalia kama mwehu. Nimechimba makopo ya bia, vipande vya waya wa shaba, kufuli bovu, koki ya bomba. Wauza mihogo walishanizoea, mmoja ananiita "Mjerumani". Dhahabu? Hata ya kutobolea sikio la mtoto sikuiona.

Hayo yote ningemeza. Kilichonitoa roho ni la Kigamboni.

Rafiki yangu aliniunganisha na wanandoa waliopoteza pete ufukweni. Dada alivua pete apake mafuta, akaiweka kwenye mkeka, mkeka ukakung'utwa. Mchanga mkavu, eneo linajulikana, halizidi ukubwa wa chumba na sebule. Kazi rahisi kabisa. Nikapita saa mbili nzima na ule mpangilio wa yule bwana, themanini kwenda mbele. Mashine kimya. Nikajifanya mtaalamu, nikasema: "Dada, hapa haipo. Ingekuwepo ingelia." Mumewe akageuka akamwangalia mkewe. Jicho lile wakuu sijalisahau. Mimi ndiye niliyelisababisha, na laki nane na nusu zangu.

Wiki iliyofuata mama mkwe akaja kutoka Tanga na kijaluba chake cha vito. Jirani yangu ni fundi redio, mtu mzima, haongei sana. Akaniambia, wewe badala ya kumsikiliza muuzaji, kwa nini usiiulize mashine yenyewe? Tukafungua namba zote, tukatandika mkeka uani mbali na misumari na nondo, tukaanza kupitisha vitu vya mama kimoja kimoja.

Pete ya kike ya karati 18, nyembamba: 46. Pete nzito ya marehemu baba mkwe, karati 22: 71. Pete ndogo ya karati 9 ya binti yake: 41. Hereni moja nzima: 38, inasikika ukiisogeza karibu kabisa na sahani, lile duara la chini la mashine. Mkufu mwembamba, ule ambao mama mkwe anautunza kuliko macho yake: KIMYA. Tumeupitisha mara kumi. Kilichosikika ni kile kifungio chake tu, tena kwa taabu. Halafu fundi akachomoa karatasi ya foili kwenye pakiti ya sigara, akaikunja: 40. Kile kipete cha kufungulia kopo la soda: 57.

Mnaona? Dhahabu ya mama mkwe yote, toka ya kwanza mpaka ya mwisho, iko chini ya themanini! Imelala kitanda kimoja na foili na vipete vya soda. Yule bwana aliponifungia "takataka" alinifungia dhahabu. Kilichobaki wazi ni shaba, fedha na makopo.

(Namba hizo ni za mashine yangu inayohesabu mpaka 99. Yako inaweza kuwa na hesabu nyingine, usije ukanishtaki.)

Fundi akanieleza kwa nini, na naleta hapa kwa sababu maduka hayatawaambia. Ile sahani inatupa mawimbi ya sumaku ardhini. Chuma au pete ikipigwa na mawimbi hayo, umeme mdogo unazunguka ndani yake, na umeme huo unarudisha mawimbi yake yenye kuchelewa kidogo. Mashine inapima huo ucheleweshaji, inauandika kwa namba. Basi. Haijui bei ya kitu sokoni, haijui harusi, haijui sonara. Kinachoamua namba ni jinsi umeme unavyopita kwenye kitu hicho: ni madini gani, ukubwa gani, unene gani, umbo gani. Ndiyo maana kopo zima la bia linasoma juu kuliko pete ya laki sita.

Na dhahabu yenyewe mnayovaa siyo dhahabu tupu. Karati 24 ndiyo safi. Karati 18 ni asilimia 75, karati 9 ni asilimia 37.5, iliyobaki ni shaba, fedha na vinginevyo. Ungedhani kuchanganya na shaba kutapandisha namba kwa sababu shaba inapitisha umeme vizuri. Wapi! Mchanganyiko unaukwamisha umeme, namba inashuka. Halafu ikitokea pete imekatika, hata ufa mdogo tu, umeme haupati njia ya kuzunguka duara na namba inaporomoka. Tulijaribu na hereni ya duara: imefungwa inasoma vizuri, ukiifungua mdomo inazama chini kabisa. Mkufu nao ni vile vipete vidogo vidogo vinavyogusana legelege, kila kimoja ni kitu chake, ndiyo maana mashine haiuoni hata ukiwa wa milioni.

Kuna lingine liko kwenye boksi na sikulisoma, hapo najilaumu mwenyewe. Mashine yangu ni ya kilohezi 7, yaani mawimbi yake yanatetema mara elfu saba kwa sekunde. Hizo za chini zinapenda vitu vikubwa na fedha. Kwa vidhahabu vyembamba watu wanakwenda 15, 20 na zaidi, na zile za kutafutia vipunje vya dhahabu migodini zinapita 40. Muuzaji nilimwambia waziwazi, nataka ya kutafuta vito ufukweni. Akanipa ya kilohezi 7 yenye sahani kubwa kama ungo. Sahani kubwa inaenda chini zaidi kwa kitu kikubwa, lakini hereni inapita katikati yake kama dagaa kwenye nyavu ya papa.

Mchanga mbichi ndio usiseme. Maji yakipwa ukishuka kule chini kwenye unyevu, mashine inapiga kelele yenyewe kama ina pepo. Ni chumvi. Maji ya bahari yanapitisha umeme, na mashine inayatafsiri kama kitu cha namba za chini. Ukizifunga ili upate amani, umefunga na mikufu na hereni, maana ziko hukohuko. Nimepunguza nguvu mpaka karibu na sifuri ndiyo ikatulia, na hapo inaona nusu ya kiganja tu kwenda chini. Wenye mashine za mawimbi mengi kwa pamoja wanasema wao wanapita mpaka kwenye maji. Hongereni zenu, mimi laki nane na nusu zimeshakwenda.

Nilirudi Kigamboni peke yangu, bila kuwaambia. Namba zote wazi, nachimba kila kinacholia kuanzia 30. Vizibo vya soda (hivi navyo ni vya bati lakini vinaruka 50, 68, 45, kila ukipita namba mpya, vinakera kuliko kitu chochote duniani), foili za chipsi, vipete vya makopo, kipande cha zipu. Nilijaza mfuko wa rambo mzima. Pete sikuipata. Zilishapita wiki mbili, na bamvua moja katikati. Labda iliokotwa, labda nilishaipita juu yake siku ile ikiwa inasoma 46 na mashine imeambiwa inyamaze. Hilo la pili ndilo linaloniamsha usiku.

Kwa hiyo nikaenda dukani na ile mashine, na pete ya mama mkwe kidoleni kabisa. Nikamwonyesha. 46, mara tatu, mbele ya wateja wengine wawili. Mnajua alichonijibu? "Hiyo dhahabu yako kaka nenda kaipime, huenda ni feki." Dhahabu ya mama mkwe wangu! Nikaipeleka kwa sonara mtaa wa pili, ikatoka karati 18 safi. Nikarudi. Akabadilisha, sasa eti mashine ni nzima, mimi ndiye sijui kuitumia, na bidhaa ikishatoka hairudi. Nilipokuwa natoka nikamsikia anamwambia mzee mmoja, mkulima kwa kumwangalia, kwamba ana nyingine "ya kupima kwa mbali", inaonyesha mali eti walizofukia Wajerumani enzi za ukoloni, hata mita 20 chini, inachagua dhahabu peke yake. Milioni nne.

Wakuu, mkiwa na mzee nyumbani anayesikiliza habari za rupia na masanduku ya Mjerumani, mzuieni kabisa. Ndiyo, sarafu ya dhahabu ya rupia 15 ipo, ile yenye tembo, Wajerumani waliipiga Tabora mwaka 1916. Lakini hakuna antena ya kushika mkononi inayonusa dhahabu mita 20 chini. Yangu hii ya kweli, yenye betri na sahani, pete inaionea kiganja na nusu siku ikiwa na furaha. Na huko kuchimbachimba kwenye maeneo ya kale bila kibali ni kosa, sheria ya mambo ya kale ipo tangu 1964.

Ninachoomba kwenu ni viwili. Kama kuna aliyewahi kurudishiwa hela na maduka ya mtaa ule, aje anieleze alipitia wapi, risiti ninayo. Na kama kuna mtu wa Kigamboni ameokota pete ya kike, nyembamba, ina herufi mbili ndani, aje inbox anitajie herufi hizo. Mwenyewe sijui kama nabisha hodi kwa wale wanandoa au naacha hivyo, lakini pete ikipatikana nitaipeleka kwa miguu yangu.