Takwimu za ubora wa maji ya mvua Lubumbashi: tuanzie wapi?

Kijana wa Katuba ameuliza:

Shikamooni wakubwa, na salamu kwa wenzangu. Kikundi chetu kinapima maji ya mvua yanayotoka mitaroni na kuingia katika mto Lubumbashi, ili matokeo yakabidhiwe kwa komini (utawala wa sehemu ya mji). Tuna kipimo cha pH (kinachoonyesha asidi ya maji) na cha upitishaji umeme, na maabara moja inatupimia shaba na kobalti. Kinachotutatiza ni kwamba mtaro uleule, katika mvua mbili za wiki moja, umetoa viwango vya shaba vinavyopishana sana. Je, tuamini kipi? Na takwimu hizi tuzitunze vipi ili atakayekuja baadaye azielewe?

Fundi wa maabara, Kampemba:

Marahaba, mdogo wangu. Huenda viwango vyote viwili ni sahihi. Maji ya kwanza ya mvua, hasa baada ya siku nyingi za jua, hukokota vumbi jekundu, mafuta ya magari na chembe za madini zilizotulia barabarani, na baada ya hapo mtaro huanza kusafika hata kama mvua bado inanyesha kwa nguvu. Kwa hiyo chupa iliyojazwa mwanzoni haiwezi kulinganishwa na ile iliyojazwa maji yakiwa yamekwisha kupungua, isipokuwa mmeandika mvua ilianza saa ngapi, chupa ilijazwa saa ngapi, na siku ngapi zilipita bila mvua. Pimeni pia kina, upana na mwendo wa maji, kwa sababu kiwango kidogo cha shaba ndani ya maji mengi kinaweza kubeba jumla kubwa ya shaba kuliko kiwango kikubwa ndani ya maji machache.

Jambo la pili ni chupa zenyewe. Ukitaka shaba iliyoyeyuka, chuja maji kwa chujio la mikromita 0.45 palepale mtaroni, kisha ndipo utie asidi ya nitriki hadi pH ishuke chini ya 2. Ukitanguliza asidi, shaba iliyoshikamana na tope itaachia na kuingia majini, nawe utapeleka takwimu ya kitu kingine kabisa. Shaba ya jumla haichujwi. Ziandikeni katika safu mbili tofauti, wala msizichanganye kamwe.

Mama Takwimu, Ruashi:

Naongeza upande wa jedwali, maana huko ndiko kazi nzuri za watu wengi huharibikia. Sisi tuliosoma kwa Kifaransa huandika 0,5 kwa koma, lakini kompyuta iliyopangwa kwa Kiingereza huenda ikaisoma kama maneno, si kama namba. Chagueni mtindo mmoja. Andikeni kipimio katika kichwa cha safu, kwa kuwa miligramu na mikrogramu zinapishana mara 1000. Maabara ikisema "chini ya 5", yaani kiasi ni kidogo kuliko kinachoweza kupimwa, msiandike sifuri wala msiache nafasi tupu: alama ya "chini ya" iwe na safu yake. Na jedwali la asili lililotoka maabara lifungwe, lisiguswe na mtu. Masahihisho yote yafanyiwe kwenye nakala, yakiwa na tarehe na sababu.

Mzee wa Kenya (komini, si nchi):

Wanangu, mnasahau kiangazi. Marekani, kanuni za mwaka 1990 ziliitaka miji yenye watu 100,000 au zaidi ikague mitaro yake wakati wa ukavu, na hoja yake ni nyepesi: mtaro unaotiririka mwezi wa saba haubebi mvua. Huenda ni choo, gereji au kiwanda. Kwetu, ambako mvua hukatika kwa miezi mingi, ukaguzi huo hauhitaji hata maabara. Macho, pua na daftari vinatosha kwa kuanzia.

Kijana wa Katuba:

Asanteni sana. Swali moja limebaki: kwa kuwa udongo wetu wa Katanga una shaba kwa asili, tutajuaje ipi imetoka ardhini na ipi imetoka kwenye shughuli za watu?

Fundi wa maabara, Kampemba:

Hamtaweza kuzitenganisha kabisa. Tafuteni kijito cha juu, kisichopitia viwanda wala lundo la takataka za shaba, mkipime katika mvua ileile mnayopima mitaro yenu. Kikiwa na shaba nyingi nacho, punguzeni ukali wa ripoti kabla ya kuipeleka komini.