Mwanangu na unga: nimpeleke kwa babu yake?

Mama Wawili
Habari za humu ndani. Mwanangu ana miaka 18, yuko kidato cha nne. Juzi nimeokota chini ya godoro lake karatasi za fedha za pakiti ya sigara, zimeungua katikati. Pasi imeshaondoka, mtungi mdogo wa gesi nao haupo. Nikimuuliza, "nilikuwa na washkaji". Hao washkaji wanashinda nyuma ya banda umiza, hapa hapa Temeke. Baba yake anataka tumpeleke Korogwe kwa babu yake akae nao mbali. Itasaidia?

Fundi Rangi
Mpeleke leo leo, dada. Kijiwe ndicho kinamharibu.

Teja Mstaafu
Mama, shikamoo. Mimi nilianza na miaka 16, na hakuna aliyenilazimisha. Rafiki niliyekuwa nagawana naye chapati alinipa msokoto, nikajua bangi tupu, kumbe kokteli, ndani mna unga, yaani heroini. Wiki nzima bure. Siku niliyoamka na miayo, kamasi zinachuruzika, akacheka: "Hiyo arosto, mwili unadai unga. Leo toa hela."

Nyumbani wakanipeleka Lindi kwa shangazi. Miezi minne, nikanenepa kabisa. Nimerudi tu, wale wale wakanipokea kwa shangwe, nikavuta kipimo changu cha zamani. Mwili ulishasahau. Nilizindukia hospitali. Wenzetu wengi wamefia hapo hapo, kwenye kurudi.

Kwa hiyo Korogwe peke yake siiamini. Kwanza mjue anatumia nini. Methadoni, dawa ya kunywa hospitali badala ya unga, ni ya watu wa unga, haimhusu wa bangi. Muhimbili walianza kuitoa 2011, siku hizi hata Temeke ipo, bure. Mimi kila asubuhi nakunywa mbele ya nesi, halafu huyo, kazini. Huu mwaka wa tatu, usije ukahesabu wiki.

Mama Wawili
Miayo na kamasi! Na mimi nilikuwa namnunulia dawa ya mafua.

Mama Wawili
Nimerudi. Jana usiku amekiri, ni unga. Jumatatu tunaenda kliniki. Ila anasema haendi bila rafiki yake, yule yule aliyemwanzisha. Baba yake amewaka, hataki hata kulisikia jina lake.

Teja Mstaafu
Nenda nao wote wawili, mama. Na muwahi, asubuhi kuna foleni.